Taya la Baba Watoto

Fitina iliyoingia nyumbani kwetu Nungwi kaskazi iliyopita ililetwa na kipande cha mpira, na ilichukua muda kabla yeyote kati yetu hajakishuku.

Mume wangu huongoza wageni wanaozamia, mara nyingi Mnemba, na Leven Bank bahari inaporuhusu. Hurudi alasiri na njaa kali, na mama yake, tunayeishi naye, huwa ameshamfunikia sahani. Ghafla sahani zikaanza kurudi jikoni zimeguswa tu. Pweza anamsukumia mtoto. Mkate wa ajemi anauchovya kwenye chai mpaka unamong'onyoka. Ukimsemesha, anaitika kwa kichwa. Mama mkwe alinitazama jioni tatu nne, kisha akanivuta uani.

"Mwanangu, mmegombana?"

Nikamwambia hatujagombana. Hakuniamini. Kwake yeye, mume anayenyamaza penye chakula ameudhiwa chumbani, na kila nilichopika kuanzia hapo kilionjwa kwa jicho la hakimu.

Mwishowe mwenyewe akasema ni sikio, la kulia, na maumivu yanapanda hadi panjani. Nyumba nzima ilishtuka. Anayeishi na mzamiaji anajua sikio ni riziki: kila mita 10 anazoshuka, shinikizo la maji huongezeka kwa kiasi kinacholingana na shinikizo la hewa tunayoivuta huku juu, na asiyeweza kusawazisha hewa masikioni hana kazi. Tulikwenda hospitali, daktari akachungulia, akasema kiwambo cha sikio ni kizima. Basi ni jino, akaamua mama, akaleta mafuta ya karafuu. Alimpaka kwa mapenzi mengi kuliko kipimo, shavu likaungua kwa ndani, na sasa hata uji ulimshinda.

Aliyetufumbua macho ni daktari wa meno. Meno hayakuwa na tundu. Aliweka vidole viwili mbele ya masikio ya mume wangu akamwambia afungue kinywa na kufunga, na hata mimi niliyekaa kwenye benchi nilisikia mlio wa kiungo cha taya. Akauliza, "Unang'ata nini kutwa nzima?"

Mume wangu alikaa kimya, kisha akacheka kwa upande mmoja. Anang'ata regulata, kile chombo kinachompa hewa ya mtungi akiwa majini.

Tuliporudi aliitoa begini akaiweka juu ya meza, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kama mtu anayetafuta mhalifu. Ule mpira unaoingia mdomoni una vindimi viwili vya kushikwa na meno. Vyake vilikuwa vimetafunwa hadi kimoja kinaning'inia. Hilo peke yake ni hatari: kipande kikikatika chini ya maji kinaweza kuvutwa pamoja na pumzi, na mpira uliochanika huingiza maji. Lakini kilichomuumiza ni ufupi wa vindimi. Vilishikwa na meno ya mbele tu, taya la chini likasogea mbele kuvifuata, na misuli ikabaki imekaza kwa muda wote wa mzamo. Juu ya hapo kuna uzito wa regulata yenyewe. Regulata ya Cousteau na Gagnan, waliyoitengeneza Ufaransa mwaka 1943, ilikuwa na mabomba mawili, na mtambo wake ulikaa mgongoni juu ya mtungi. Zile za bomba moja, ambazo Ted Eldred wa Melbourne alitangulia kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilileta sehemu ya mtambo hadi mdomoni. Ni chombo bora, nakiri, ila kazi ya kukibeba yamepewa meno.

Na kiongozi wa wageni ana taabu yake ya ziada. Bomba hupita juu ya bega la kulia. Kila anapogeuka kuwahesabu watu wake, nalo linavuta. Mkondo wa Mnemba ukipiga ubavuni, unaisukuma regulata usoni. Mgeni huzamia kwa likizo yake akaenda zake. Huyu wangu yumo majini msimu mzima.

Shemeji yangu, fundi wa mashine za boti, alijitolea kwanza. Alileta mpira mpya laini sana, akaufunga kwa ule mkanda wa plastiki wa kukazia nyaya, akaukata mwisho kwa mshazari. Mume wangu alirudi na mdomo wa juu umechanika kwa ncha ile. Mkanda ni lazima uwepo, maana bila huo regulata inaweza kuchomoka ukabaki na mpira peke yake menoni, lakini ncha hukatwa sawasawa na kufuli yake na kuelekezwa pasipogusa ngozi. Ulaini nao haukusaidia. Kinachoteleza hubanwa zaidi.

Wa pili ulikuwa na daraja la kupita chini ya kaakaa, ili mpira ukae mahali pake bila kung'atwa sana. Wapo wanaousifu, na naamini wana haki. Mume wangu aliutia mdomoni, macho yakamtoka, akakimbilia uani kutapika. Mama mkwe alinigeukia na kuniuliza kwa upole nimemlisha nini.

Ndipo mgeni mmoja kutoka Ujerumani, aliyemhurumia, akamletea aina ya tatu: ya plastiki inayolainika kwa maji ya moto, ukaing'ata ikachukua umbo la meno yako hadi magego. Mama alibandika maji kwenye sufuria iliyokuwa karibu, na iliyokuwa karibu ni ya mchuzi. Tulikichovya kipande kile, kikalainika, tukakitia kwenye bakuli kipoe kidogo kisimwunguze. Wakati huohuo hodi ikapigwa mlangoni, mume wangu akatoka. Aliporudi alimkuta kijana wetu wa darasa la kwanza ameshakitia mdomoni, kifua mbele, anapumua kwa mikoromo kama baba yake. Tulipokitoa kilikuwa na safu ya meno ya utoto, na katikati pengo la meno mawili aliyong'oka.

Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku ile ameacha kuionja mboga yangu kwa mashaka. Kwa bahati aina hii hukubali kuchemshwa tena. Mara ya pili tulitumia sufuria safi na mlango tukaufunga. Mume wangu alikilainisha, akaking'ata polepole huku midomo imefumba na ulimi ukikikandamiza kwa ndani, halafu kikatiwa maji baridi kikakaza.

Daktari wa meno alikuwa amemwonya asikijaribie baharini kwanza. Basi jioni akasimamisha mtungi kando ya kochi, akafunga regulata, akakaa anapumua huku anatazama taarifa ya habari, akigeuza shingo kushoto na kulia kuona bomba linavuta wapi. Ni jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua: ukikaa hivyo nusu saa na mashavu yamelegea, mpira unakufaa, ukijikuta unabana, haukufai. Jirani aliingia kuomba limau. Aliona mtungi, bomba na mtu asiyemjibu salamu ila kwa kupunga mkono, akatoka bila limau.

Kabla ya sala ya Isha habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima kwamba baba watoto anapumulia mashine. Wakaja kumkagua. Walileta machungwa, uji wa pilipili manga, madafu, na mzee mmoja alikaa kichwani pake akamsomea dua ndefu kwa machozi. Mume wangu alishautoa mpira mdomoni na kueleza kila kitu, lakini kila aliyeingia upya alianza upya. Wanawake walinikumbatia. Mama mkwe, aliyekuwa anajua ukweli wote, alipokea machungwa yote kwa shukurani akayapanga kwenye beseni.

Sasa anakula pweza. Kiungo bado hulia akipiga miayo, ila maumivu yameondoka, na anasema hata hewa ya mtungi inamdumu zaidi kwa kuwa hapumui tena kwa kujikaza. Mpira ule kwa bei si kitu mbele ya regulata yenyewe, na hilo ndilo linaloniudhi: watu wanalipia chombo cha thamani, kisha wanakubali mpira wowote uliokuja nacho, kana kwamba vinywa vyote vimetoka kiwanda kimoja.

Kwa hiyo, dada yangu unayeishi na mzamiaji, akianza kukurudishia sahani, usimwache mtu akutuhumu. Mwambie aitoe regulata begini, iangalieni pamoja penye mwanga. Ukiona alama za meno zimezama, mpira umechanika, au mkanda haupo, asipande boti kesho yake mpaka umebadilishwa.