Usukani Wenye Subira

Kwa muda wa miezi kumi na minane nilimiliki gari ambalo, kila nilipotaka kuligeuza, lilitaka kwanza kushauriwa. Nilizungusha usukani kiasi cha kiganja kizima pasi na jambo lolote kutendeka. Kisha, baada ya kitambo ambacho mtu wa moyo mwepesi angeweza kumaliza dua fupi, magurudumu ya mbele yalipokea habari na kuitikia, aghalabu kwa ukarimu uliozidi ule nilioomba. Jambo hilo, nakiri kwa haya, halikunitia hofu bali lilinitia majivuno. Babu yangu mzaa baba alikuwa nahodha wa mashua baina ya Mombasa na Lamu, naye hakuchoka kutuambia sisi wajukuu kwamba chombo hakigeuzwi, huombwa. Nami, niliyeketi ndani ya Toyota Corolla DX ya enzi za kabla ya nambari za KAA, katika vichochoro vya Mukuru kwa Njenga, ambako bahari iliyo karibu nasi ni maji meusi ya Mto Ngong, nilijiona mrithi halali wa kana ya babu.

Kazi yangu ni kuuza nazi. Nazinunua kwa madalali wa Marikiti alfajiri, nazileta kwa wapishi wa mahamri na wa wali wa nazi walioenea Kwa Njenga na Pipeline, na kwa biashara hiyo hapana gari bora kuliko DX, maana viti vya nyuma hulala na mlango wa nyuma hufunguka juu kama dirisha la msana. Aliyeniuzia alinikumbusha, huku akilipapasa bati kwa mahaba, kwamba Toyota ilishinda mbio za Safari miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Ila hakunieleza, wala mimi sikumwuliza, kwamba zilizoshinda zilikuwa Celica, na kwamba hazikuwa zimetumika kubebea kuku. Nilipokuwa njiani na mzigo, nazi zangu mia na ushei zilisafiri kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kwa kishindo cha ngoma, na gari nalo likizifuata. Au ndivyo nilivyojihadaa, kwani nilizilaumu nazi muda mrefu sana.

Msomaji atauliza ilikuwaje nisitambue ila kubwa namna hiyo. Jawabu ni kwamba Mukuru huisitiri. Laiti ningekuwa mtu wa kupita ile barabara ya angani iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nyoofu na ya kulipiwa, ningefedheheka siku ya kwanza. Lakini huku kwetu hakuna aendaye moja kwa moja: huyu anakwepa shimo, yule anampisha mkokoteni wa maji, bodaboda inakuja upande usio wake na bata wa mtu yuko katikati akioga, gari lenye kuyumba na gari lenye adabu huwezi kuyatofautisha.

Siku ya kuumbuka ilikuwa Jumamosi moja ya masika, karibu na steji. Njia ilikuwa imebanwa na mkokoteni upande mmoja, na upande wa pili mama mmoja ameinjika sufuria ya maharagwe ambayo ingelisha harusi. Nililiomba gari lielekee kulia kidogo, likawa linatafakari. Nikaongeza ombi, likazidi kutafakari. Kwa kuona sufuria inakua machoni mwangu, nikaongeza la tatu, na hapo likayakubali yote matatu kwa pamoja, likauruka mtaro, likarudi upande wa kushoto nilipolivuta, na likasimama shubiri moja kutoka kwenye jiko, huku nazi moja ikitoka nyuma na kuja kutulia mapajani mwangu kama mtoto aliyeogopa. Yule mama hakupiga kelele. Alifunika sufuria yake, akanikabili, akasema kwa upole uliokata kuliko kisu: "Mzee, wewe unaendesha ama unaombea?"

Tangu kufariki babu sijapata kusikia falsafa yake ikifasiriwa kwa ufasaha namna ile.

Watu walikusanyika, na kama ilivyo ada ya Nairobi kila mmoja akawa tabibu. Muuza tairi aliona tairi. Mjaza upepo aliona upepo. Mhubiri aliyekuwa akipita na kipaza sauti chake aliona mkono wa mtu asiyenitakia mema. Nisiwadhulumu, maana wawili wa kwanza walikuwa na sehemu ya haki: tairi lenye upepo haba hulifanya gari litangetange, na lililolika upande mmoja hutoa ushahidi kwamba kuna jambo huko chini. Huyo wa tatu sikumtilia maanani, nami baadaye nilikuja kuona kwamba yeye ndiye aliyekaribia zaidi.

Akatokea kijana mwenye bisibisi. "Hii iko na plei kwa steringi," alisema, "hiyo ni kitu ya dakika mbili." Na kweli zilikuwa dakika mbili. Juu ya boksi ya steringi ya magari ya aina hii pana skrubu iliyozuiwa na nati, na ukiikaza, meno yaliyomo ndani husogeana na ule ulegevu hupungua. Alilolisahau kijana, au asilopata kufundishwa, ni kwamba meno hayo hulika zaidi pale katikati, kwa kuwa aghalabu magari hupelekwa mbele, na huku pembeni hubaki mazima. Basi ukikaza hadi katikati pabane sawasawa, pembeni patabana kupita kiasi. Nilimpa shilingi 300 na shukrani nyingi. Nikaingia kituo cha petroli, nikakata kona kwa utulivu, nikauachia usukani urudi wenyewe kama ilivyo desturi ya usukani, nao haukurudi. Niliizunguka pampu ya dizeli mara mbili, kama ngamia wa kinu cha simsim, mhudumu akinifuata na mpira mkononi asijue ni wapi nitatua, hata nilipoushinda usukani kwa mikono miwili na msaada wa goti.

Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji isiyo na paa wala jina, mpakani mwa Kwa Njenga na Kwa Reuben, ambaye fani yake nzima, kwa kadiri nilivyoona, ilikuwa ni kutokufanya haraka. Kwanza alilegeza ile skrubu ikarudi ilikokuwa. Pili alinikalisha nyuma ya usukani, injini imezimwa, magurudumu yako chini yamebeba uzito wao, akaniamuru niutikise kushoto na kulia, kidogo tu, bila kuacha. Tatu alitandika katoni, akaingia uvunguni, na nikamsikia akipita kiungo baada ya kiungo akikiwekea kidole, kama tabibu anayetafuta mshipa: kiungo kizima, pande zake mbili huenda pamoja, kibovu, upande mmoja hutangulia na wa pili hufuata kwa uvivu. "Boksi iko sawa," sauti ilitoka chini. "Bolti za boksi ziko sawa. Tairodi ya kulia, sawa. Tikisa, mzee, usilale. Ya kushoto, sawa." Kisha kimya kirefu. "Mzee. Kuja uone."

Inanipasa nieleze, kwa asiyepata kulala chini ya gari. Boksi ya steringi huwa upande wa dereva, na kutoka hapo mkono mmoja wa chuma husukuma fimbo ndefu inayovuka hadi upande wa pili, na fimbo hiyo ndiyo inayoyageuza magurudumu. Upande wa pili, mwisho wa fimbo, pana mkono mwingine unaofanana na wa kwanza, mafundi huuita aidla, ambao hausukumi kitu. Kazi yake ni kuishika fimbo isilegee, mfano wa shahidi wa nikahi, asiyesema neno lakini asipokuwapo ndoa haipo. Mpangilio huu wa mikono na fimbo, unaowezesha gurudumu la ndani ya kona lipinde zaidi ya lile la nje, ulibuniwa kwa ajili ya magari ya farasi na Georg Lankensperger wa Munich, mwaka 1817. Mwaka uliofuata wakala wake huko London, Rudolph Ackermann, akauandikishia hataza, na hadi leo ulimwengu wote huuita kwa jina la wakala. Nimeshughulika na madalali wa Marikiti miaka mingi mno nisistaajabie hayo.

Aidla yangu ilikuwa ikicheza ndani ya tundu lake kama jino la mtoto. Mzee aliifungua, akaingiza bisibisi palipostahili kuwa na bushi, akavuta, na kikatoka kipande cha mpira laini, cha rangi ya buluu, kilichokunjwa mara mbili. Alikikunjua kiganjani, akakifuta grisi kwa kidole gumba. Juu yake zilionekana herufi mbili za mwisho za jina la kiwanda cha viatu cha Limuru.

"Hii ni patipati," alisema.

Nami nikaitambua.

Miezi kumi na minane nyuma, juma la kwanza la kulinunua gari, fundi mmoja alikuja kulikagua pale kwenye ploti tunakokaa. Alisema bushi ya aidla imekwisha, akanitoza shilingi 1,500 kwa ile ya Japani yenyewe, akaenda kuinunua Kirinyaga Road, ile ambayo wazee wetu waliiita Grogan. Kutoka kwetu hadi huko ni safari ya saa nzima kwa matatu, Mungu akipenda. Yeye alirudi kabla chai yangu haijapoa, nami nikamsifu mbele ya watu kwa wepesi wake. Siku hiyo hiyo kandambili moja ya mke wangu ilitoweka mlangoni pa bafu. Alimshuku jirani wa mlango wa tatu, aliyepita pale na ndoo, yakatamkwa maneno, na tangu hapo wanawake wawili waliokuwa wakiazimana chumvi wakawa wanaanika nguo kwenye kamba mbili tofauti. Kandambili iliyobaki aliitundika msumarini, iwe ushahidi. Yule fundi, nimpe haki yake, alikuwa na mizani: aidla i upande wa kushoto, naye alichukua ya mguu wa kushoto.

Bushi nilikwenda kuinunua mwenyewe, na mzee akaitia, akapaka grisi, akafunga nati na splitipini mpya. Aliponikabidhi ufunguo aliniuliza kwa dhati kama ile patipati ya pili ingalipo, na kama ipo nisiitupe, kwa sababu bushi za siku hizi zinaweza zisitimize miezi kumi na minane.

Nikaondoka. Kwenye kona ya kwanza nilizungusha usukani kiganja kizima, kwa mazoea, nikingoja mashauriano. Gari likatii papo hapo, neno kwa neno, likaingia katikati ya nguo za mitumba zilizotundikwa kando ya njia na kutokea upande wa pili na gauni la maua limening'inia kwenye waipa. Nililipia gauni.

Nyumbani nilikiweka kile kipande mezani, juu ya gauni, nikaeleza yote bila kuruka kitu, isipokuwa ile sehemu ya kumsifu fundi. Mke wangu alikitazama mbele na nyuma.

"Baba Saumu," alisema hatimaye, "mwaka mzima na nusu nimemnunia mwanamke wa watu, kumbe mwizi nampanda kila Jumapili."

Nikaona fursa ya kufikisha ujumbe wa mzee kuhusu ile ya pili. Hakunijibu. Aliiangua msumarini, akaipangusa vumbi, akaivaa mguu wa kulia. Kisha akatoka, mguu wa kushoto peku, akichechemea kuelekea mlango wa tatu.