Barua ya Mahaba kwa Mwenye Nyumba

Katika Marekani, nyumba inapogombewa na wengi, haimtoshi mnunuzi kuweka bei kubwa mezani. Humpasa pia, akitaka kutazamwa kwa jicho la huruma, kumwandikia mwenye nyumba barua ya mahaba, akimweleza jinsi roho yake ilivyotekwa na jiko lile, na jinsi wanawe, ambao picha yao imeambatishwa, walivyokwisha kuupa jina mti wa uani. Mwenye ashiki ya namna hii hakatai sharti: huahidi kumpita kila mpinzani kwa dola elfu kadhaa mpaka kikomo akitajacho mwenyewe (siri ya mfuko wake ikiwa imekabidhiwa kwa yule yule anayemwuzia), na husamehe hata haki ya kumleta fundi akague paa na msingi, kwani ni nani mwenye adabu ahesabuye meno ya bibi arusi?

Jimbo la Oregon, likichelea kwamba barua hizo humfunulia muuzaji rangi, dini na asili ya mtu, mambo ambayo sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ilikwisha kukataza yasiwe sababu ya kumnyima mtu nyumba, lilipitisha mwaka 2021 sheria ya kuwazuia mawakala wasizifikishe. Lakini Machi 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho akaisimamisha, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Mahaba, alhamdulillahi, yamepata himaya ya katiba. Habari za paa hukumu haikuzigusa.