Busanza Nayo Yaomba Shirika la Ndege

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Uchukuzi wa Afrika Mashariki,

Sisi wakazi wa Busanza, hapa Kanombe, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Kigali, tunaomba kibali cha kuanzisha shirika letu la ndege la umma. Hoja ilitolewa kwenye kikao cha baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya jamii, majembe yakiwa bado na udongo, ikapita bila kupingwa.

Tumetazama huku na huku tukaona tumeachwa nyuma. East African Airways, shirika moja la nchi tatu, lilipovunjika mwaka 1977, kila ndugu akajitafutia lake. Uganda ilifunga lake 2001, ikalifufua 2019. Tanzania ikafufua lake 2016. Kongo ikazindua Air Congo Desemba 2024, kwa ubia na Ethiopian Airlines. Hapa kwetu tulianza na Air Rwanda 1975, tukaanza upya 2002. Asiye na ndege ni Busanza tu.

Kuhusu hasara, ondoeni shaka. Mkaguzi Mkuu (CAG) wa Tanzania aliripoti kuwa shirika lao, ATCL, lilipata hasara ya shilingi bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na Agosti 2024 Dreamliner nyingine ikapokelewa kwa shangwe. Sisi hasara yetu itakuwa ndogo mno, maana ndege hatuna. Bodi ya wakurugenzi, hata hivyo, tayari tunayo, na posho zake zimeshajadiliwa kwa kirefu.

Safari ya kwanza itakuwa Entebbe, mlango wa Kampala. Kwa ndege ni saa moja hivi. Lakini mtu wa Busanza mwenye msiba Kampala huenda Nyabugogo kutafuta basi, akakesha barabarani, huku ndege alizozoea kuzisikia juu ya bati lake zikienda na wenye nauli. Januari 2018 Umoja wa Afrika ulizindua kule Addis Ababa soko moja la usafiri wa anga la Afrika. Tulipiga makofi. Bei ya tiketi haikusikia.

Ikiwa ombi la shirika ni kubwa mno, basi tupunguzieni kodi na tozo zilizojazwa kwenye tiketi, na muache ndege za jirani zitue bila kuzungushana. Tutaridhika nalo hilo.

Tafadhali jibuni kabla uwanja mpya wa Bugesera haujafunguliwa. Ndege zikihamia huko, hata kelele zake tutazikosa.

Wenu,
Wakazi wa Busanza