Duka Linafunguliwa Saa NaN

Fundi wa tovuti mmoja wa Kibuta, kata iliyo kwenye barabara ya kutoka Kisarawe kwenda Maneromango, aliamua kulimaliza suala la saa. Vivinjari vya simu vinakijua Kiswahili: vina majina ya miezi, vina asubuhi na alfajiri. Vikifika kwenye saa tu, vinahesabu kizungu, na saa 7 mchana inakuwa saa 13. Mwenye duka la pembejeo akitangaza mtandaoni kwamba anafungua saa 2, mgeni anaweza kudhani mzee anauza mbolea usiku wa manane, pamoja na mengine yanayouzwa muda huo.

Dawa yake ilikuwa mistari michache ya JavaScript: toa sita, rekebisha jibu likiwa sifuri, chini ya sifuri au zaidi ya 12, tia neno la wakati. Chai haikupata muda wa kupoa. Kilichomtoa jasho ni kuifungasha ili na wengine waitumie.

Msimbo wa kivinjari hauendi kwa watu vilevile ulivyoandikwa. Kuna mtindo wa moduli ulioingizwa kwenye kanuni rasmi za JavaScript mwaka 2015, kuna mtindo wa Node uliotangulia, na kuna ule wa kubandika tegi ya skripti kwenye ukurasa, uliozoeleka tangu enzi za jQuery, maktaba ya JavaScript aliyoitoa John Resig mwaka 2006. Ili awaridhishe wote, fundi akapakua zana ya kuunganisha mafaili. Zana ikaita wenzake, wenzake wakaja na ndugu zao, na folda ya node_modules ikala bando la wiki nzima. Yote hayo kwa ajili ya kutoa sita.

Kisha akapakia npm, ghala la vifurushi lililoanzishwa na Isaac Schlueter mwaka 2010. Ghala hilo halina mzaha: namba ya toleo ikishatumika haitumiki tena, hata ukilifuta toleo lenyewe. Toleo la kwanza la fundi lilikuwa na leseni, maelezo mazuri na shukrani kwa wazazi, ila msimbo wenyewe haukuwemo. Lililofuata lilikuwa na msimbo, lakini faili la package.json lilielekeza kwenye folda isiyokuwepo. La baada ya hapo lilifanya kazi vizuri sana, tena lilibeba picha za harusi ya binamu yake zilizokuwa zimejisahau kwenye folda.

Ajifariji, maana wakubwa wameanguka kwa vidogo zaidi. Tarehe 22 Machi 2016 Azer Koçulu, mwandishi wa programu kutoka Uturuki, aligombana na npm baada ya jina la kifurushi chake kupewa kampuni ya Kik. Kwa hasira akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimoja kiliitwa left-pad, mistari 11, na kazi yake ni kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Zana ya Babel na miradi mingine mingi ilikuwa inakitegemea, mingi bila kujua, na kote duniani watu walikuta programu zao hazijengeki. Ilibidi npm wakirudishe wenyewe.

Kibuta, habari ya kifurushi cha fundi ilifika kwa simu ya mwenye duka la pembejeo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Fundi, hapa pameandikwa duka linafunguliwa saa NaN. Ndiyo saa nani?”

NaN ndilo jibu la JavaScript ikiambiwa ipige hesabu ya kitu kisicho namba. Fundi alikuwa amebadilisha namna ya kuiandikia saa kwenye toleo jingine la baadaye, na ukurasa wa mzee ulikuwa unavuta toleo jipya kabisa, lolote lile, kutoka seva ya mbali. Hakuna aliyeugusa. Umejiharibu ukiwa umelala.

Na kuvuta kutoka mbali kuna mikosi mingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ya Tanzania ikadorora, na ukurasa unaotegemea mafaili ya ng'ambo ungeweza kubaki na vitufe visivyobonyezeka. Mwezi uliofuata ikabainika kwamba polyfill.io, anwani iliyokuwa ikigawa msimbo wa kusaidia vivinjari vya zamani na ambayo ilikuwa imenunuliwa na wenye mali wapya, inawapeleka baadhi ya wenye simu kwenye tovuti za kubeti. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zinauvuta msimbo huo. Mzee wa mbolea na mikeka ya kubeti: hapo hata mkewe asingemwelewa.

Walioonja mtandao wa kwetu hujipanga mapema. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ulipoenea Kenya nzima mwaka 2011, ulitumia uwezo wa kivinjari wa kuhifadhi data ili mhudumu wa zahanati aendelee kujaza fomu hata intaneti ikipotea.

Kwa hiyo, ndugu mnaogawa vifurushi: toeni pia faili moja lililokwisha kujengwa, dogo, ambalo mtu atalipakua mara moja na kuliweka kwenye seva yake. Nanyi mnaotumia, andikeni namba kamili ya toleo. Mzee anafungua saa 2 asubuhi.