Ngamia Mia wa Homelander

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Juu ya mgeni anayekuja na laptopu hawakusema kitu, na hapo ndipo waliponiponza.

Agosti 2024, shule zilipofungwa, nilitoka Garsen, nikapita Hola na Bura hadi Nanighi kumwona dada yangu, ambaye ameolewa huko. Shemeji ana hoteli ndogo ya chai. Mali yake ni benchi sita, paneli ya sola, betri ya lori na televisheni ambayo kazi yake hasa ni mpira. Jioni ya kwanza, baada ya swala ya isha, watu walijaa hadi nje. Walikuja kwa mpira. Ila shemeji alikuwa amesahau kulipia king'amuzi, na skrini ilikuwa ikitukumbusha jambo hilo kwa maandishi makubwa.

Shemeji akanitazama. Mchana huo nilikuwa nimekula mbuzi wake, paja zima.

"Mwalimu," akasema, "humo kwenye mashine yako hamna kitu?"

Kilikuwemo. Laptopu yangu ni kongwe, haiishi dakika mbili bila waya, lakini tumboni ilikuwa na msimu wote wa 4 wa The Boys, vipindi 8 vilivyoanza kuonyeshwa Juni 13 na kumalizika Julai 18 mwaka huo. Vipindi 7 nilikuwa nimeshavitazama. Cha 8 nilikiweka akiba, kama mtoto anayebakiza kipande cha nyama mwisho wa sahani. Likumbukeni hilo la cha 8.

Kwa asiyeijua, The Boys ni tamthilia ya Kimarekani iliyoanza 2019. Ndani yake wamo majabari wanaoruka angani na kupasua kuta kwa ngumi, ila wengi wao ni watu wabaya. Nguvu zao hazikutoka mbinguni. Kampuni iitwayo Vought iliwadunga dawa, Compound V, wengi wao wangali wachanga. Mkuu wao ni Homelander, anayeigizwa na Antony Starr: hutoa miale ya moto machoni, hujifunga bendera ya nchi yake mgongoni, na moyoni ni mtoto aliyekosa mlezi. Anayepambana naye ni Billy Butcher na genge lake, ambalo silaha yake kubwa ni matusi.

Hapo kwenye matusi ndipo ningekoma. Tamthilia hii ina damu, uchi na maneno ambayo mtu mwenye akili timamu hayasikilizi pamoja na shemeji yake, sembuse na wazee waliotoka msikitini sasa hivi. Lakini paja la mbuzi lina deni. Nikajiwekea mikakati miwili. Kwanza, nitatafsiri mwenyewe, kama DJ Afro anavyozitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili na Sheng, na hivyo matusi yote yatakuwa dua. Pili, nitashika kanga ya dada mkononi. Likija la aibu, naitupia skrini. Kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa: Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mkakati wa kwanza ulifanya kazi. Butcher akimtukania mtu mama yake, nami nasema, "Anamsalimia mama." Baada ya nusu saa mzee mmoja akaguna kwa ridhaa, "Huyu kijana ana ndevu za kihuni, lakini kalelewa vizuri. Hasahau wazazi."

Mkakati wa pili ulikuwa na tundu. Kanga huziba macho, masikio haiyawezi. Mara ya kwanza nilipoitupa, kitambaa kikatulia vizuri juu ya kioo, na nyuma yake mtu akaendelea kuugua kwa sauti ambayo hoteli nzima iliielewa.

"Ana nini?" akauliza mzee.

"Tumbo, mzee."

"Na huyo mwingine?"

"Wamekula chakula kimoja."

Kitambo kikapita. Dada yangu, aliyekuwa jikoni, akaangusha sufuria.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Nilidhani watu wakiona binadamu anaruka watapiga makofi. Walitazama kuruka kama wanavyotazama mbunge akipita kwa helikopta: vumbi limetimka, kuna la zaidi? Walichotaka kujua ni mwenendo wa mtu. Nilipoieleza Compound V, kuwa ni dawa inayompa mtu nguvu zisizo zake, mzee mmoja akanikata, "Hiyo ni dizeli." Wote wakacheka, mimi nikabaki nyuma hadi nilipoelezwa. Kwa miaka mingi mashamba ya mradi wa umwagiliaji wa Bura yalitegemea pampu za dizeli zilizovuta maji ya mto Tana hapohapo Nanighi. Pampu ikinywa, mahindi yanakunywa. Ikikosa, mfereji unakuwa njia ya mbuzi. Jabari wa kutegemea sindano walikuwa wanamfahamu kabla Marekani haijamtunga.

Kisha ikaja kesi. Msimu unapoanza, Homelander yuko mahakamani kwa kumuua mtu hadharani, na mahakama inamwachilia. Nilipotafsiri kwamba hana hatia, hoteli ilichafuka. Mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, aliyekaa benchi la mbele na ambaye hata chai yake ilikuwa inaogopa kupoa, akainua fimbo.

"Simamisha hiyo."

Nikasimamisha. Homelander akabaki mdomo wazi.

"Watu waliona akiua?"

"Waliona, mzee."

"Basi ni diya. Mwanamume ni ngamia mia. Ukoo wake utalipa. Ukoo wake ni upi?"

Nikaeleza kwamba hana ukoo, alikuzwa maabara. Wazee wakatazamana kwa huzuni ya kweli, kwa mara ya kwanza usiku ule. Mtu asiye na ukoo nani atamlipia? Na nani atamkanya? Kesi ikasikilizwa upya juu ya mkeka, dakika arobaini, mshtakiwa akisubiri kwenye kioo. Hukumu: kampuni ya Vought ndiyo ukoo wake, kwa kuwa ndiyo iliyomdunga, kwa hiyo Vought italipa ngamia mia. Nikaambiwa niendelee, na wazee wakatazama kipindi kilichobaki wakingoja ngamia waingie kwenye picha.

Nusura Homelander asamehewe kwa ajili ya maziwa. Mtu huyu, kwa wanaoifuata tamthilia, anapenda maziwa kupita kiasi. Wafugaji walipomwona na glasi, nyuso zikalainika. "Angalia! Hanywi soda." "Si mbaya huyu, ana njaa tu."

"Ni ya ng'ombe au ya ngamia?" akauliza mwenye hina.

Walioutazama msimu wa 4 wanajua maziwa yale yalitoka wapi na kwa nani, nami sitaandika. "Ya nyumbani," nikasema, na kanga ikaruka.

Kilichomharibia ni mvi. Homelander anagundua kwamba ameanza kuota mvi na inamtia kiwewe. Jabari ambaye risasi humdunda anaogopa unywele mweupe. Benchi zote zikaangua kicheko. "Mvi ni heshima! Sisi tunazingoja, yeye anazing'oa!" Katika kelele zile sauti ya kijana mmoja nyuma ikasikika wazi: "Wengine hawazing'oi, wanazipaka rangi."

Kimya. Macho yote yakaenda polepole kwenye ndevu nyekundu. Mzee akanywa chai, akaweka kikombe chini.

"Hina," akasema, "ni sunna. Huyo hana hata sabuni."

Akina mama, waliokuwa wamekaa upande wa jikoni, hawakujali mvi wala ngamia. Wao walimtaka yule wa maji, The Deep, anayeongea na viumbe vya baharini. Mafuriko ya Aprili na Mei mwaka ule yalikuwa yameacha mstari wa matope ukutani mwa hoteli, usawa wa goti.

"Muulize," akaniambia mama mmoja, kana kwamba nina namba yake, "viboko anawajua? Maana mazao yaliyobakizwa na maji, viboko wameyala. Aje aseme nao."

"Na mamba," akadakia mwingine. "Na Mei alikuwa wapi?"

"Alikuwa kazini, mama. Anaigiza."

"Sisi tulitolewa na jirani mwenye mtumbwi. Huyo naye amevaa magamba mwili mzima, hana hata kasia."

Tulipofika pale The Deep anapoongea mapenzi na pweza, kanga ilichelewa. Dereva mmoja mwenyeji wa Lamu, aliyelala pale njiani, akasimama kwa uchungu: "Jamani! Huyo kwetu hupigwa kwenye mwamba, akalainika, akatiwa nazi!" Akaenda kulala bila kuaga.

Usiku wa tatu tukafika kipindi cha 5, chenye shamba ambako mifugo imepata Compound V. Kondoo wanaruka. Si hivyo tu, wanakula nyama. Watu ambao walitazama vichwa vikipasuka bila kukunja uso sasa wakaanza kutaja jina la Mungu. Mchungaji mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama zizi linahitaji paa. Mwingine akatoka na tochi kuhesabu kondoo wake, akarudi akasema wametimia, wote chini.

Maafa yalikuja usiku wa nne, mwanzo wa kipindi cha 8. Kwa kuwa wachungaji wote walikuwa ndani wakitazama, beberu wa shemeji hakuwa na mtu wa kumtazama. Aliingia nyuma ya hoteli, akakuta mabaki ya miraa ya siku tatu, majani na vijiti, akayamaliza yote. Sijui kipimo cha Compound V, ila najua cha miraa: yule mnyama alirukia dirisha, akapita juu ya meza na glasi kumi na moja, akasimama juu ya betri, macho yanawaka, akaanza kutafuna waya.

Giza. Laptopu ikapumua mara moja, ikakata roho.

"Kondoo!" mtu akapiga yowe. "Wamekuja!"

Hoteli ikatoka kwa mlango mmoja.

Tulipokusanyika nje mbaramwezini na beberu kufungwa kamba, nikategemea watu wataenda nyumbani. Wakakaa chini mchangani. Mwenye hina akaniwekea fimbo begani. "Malizia, Mwalimu. Ilikwishaje?"

Ningesema kweli kwamba sikijui kipindi hicho. Lakini siku nne nilikuwa mwenye siri ya mtungi, na hadhi ikishapanda kichwani haishuki kwa ngazi. Nikakohoa. Nikasema Homelander alishikwa. Alitoroka maabara akaja kwa wazee, akaketi chini ya mti, akakiri. Akaacha mvi zake ziote.

"Na kondoo?"

"Walidungwa sindano ya kinyume. Wanakula majani."

"Na yule wa maji?"

"Amenunua kasia."

Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee akainama karibu kabisa. "Na diya?"

"Vought imekubali, mzee. Ngamia mia."

Pumzi ziliposhuka, nilijua nimetunga mwisho bora kuliko wa Marekani. Asubuhi nilikirimiwa kibuyu cha maziwa, na njia nzima hadi Garsen nilijiona jabari.

Nyumbani nikachomeka waya, nikatazama kipindi cha 8. Homelander ameshinda. Karibu genge lote la Butcher limekamatwa na nchi imo kiganjani mwake. Hakuna mti wala wazee, na ngamia hayumo hata kwa mbali.

Tangu hapo sijarudi Nanighi. Dada hunitumia salamu, nami husingizia kazi. Ila habari husafiri: vijana walisikia kwamba msimu wa 5, ulio wa mwisho, ulikuwa umepangiwa 2026, wakambebea mzee. Jioni moja simu ikalia, namba ya shemeji, sauti ya mwenye hina.

"Mwalimu, nimesikia kuna msimu mwingine. Mambo si yaliisha? Wale ngamia, wamefika wote?"

Jasho likanitoka. "Wamefika tisini na tisa, mzee. Mmoja alizama mtoni wakivuka."

Akanyamaza, nikamsikia akivuta chai.

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Msimu wa 5 ni wa huyo mmoja. Njoo nao. Na kanga uje nayo."