Mibamia Kumi na Mmoja

Jana jioni jirani aliinamia ua unaotenganisha bustani zetu, akashusha sauti, akaniomba nimgawie kidogo, goti linamsumbua. Nikafurahi. Msimu mzima nangoja mtu wa hapa Scarborough, Toronto, avutiwe na bamia zangu, na huyu, Mzungu mtu mzima, kumbe tayari kasikia sifa za mlenda kwenye maungo! Nikamwambia achukue, asione haya.

"Mnatumiaje?"

"Tunapika kwa tui la nazi. Watoto wanapenda sana, hasa yule wa chekechea."

Akashika ubao wa ua kwa mikono miwili. Mimi huyo, nikianza mapishi sinyamazi: mama mkwe asipoipata jioni halali, usiku wa sikukuu tunajaza sufuria zima tukaalika majirani. Akakohoa. Yeye si mbea, alisema, lakini sheria ya Oktoba 2018 inaruhusu miche minne kwa nyumba, na kwangu amehesabu kumi na mmoja.

Bangi! Nikamtilia sahani ya mchuzi ajionee. Alikula yote, akakaa kwenye ngazi akisubiri imshike.

Jani la mbamia kweli lina vidole vitano na kingo zenye meno. Mwaka 2014 polisi wa Georgia, Marekani, waliliona wakiwa kwenye helikopta, wakamvamia mstaafu kwa silaha na mbwa, wakakuta mboga. Lakini wangengoja mmea uchanue! Mbamia ni ukoo mmoja na choya na pamba. Ua lake ni la manjano, kitovu zambarau iliyokolea, linafunguka asubuhi na jioni limeshajifunga, basi tena. Hapo tunda linaanza mbio. Lichume siku ya tatu au ya nne, ni laini. Nenda harusini Mississauga wikiendi moja tu, utarudi ukute kuni. Na ukiziacha mbegu zikomae, mti unaona kazi imekwisha, unagoma kuzaa. Mbegu yenyewe ina ganda gumu, hulazwa majini usiku kucha, na udongo ukiwa wa baridi inaoza. Ndiyo maana hapa Toronto hakuna anayethubutu kupanda kabla ya sikukuu ya Victoria, mwishoni mwa Mei.

Sasa, bangi halali hainiudhi. Ila mwaka 2017 gazeti la Toronto Star lilichambua takwimu za polisi: Mweusi asiyewahi kutiwa hatiani alikamatwa kwa kuwa na bangi kidogo mara tatu zaidi ya Mzungu aliye kama yeye. Leo inauzwa madukani mchana kweupe, inaombwa kwa tabasamu juu ya ua, na anayehesabiwa miche bado ni mimi, mwenye mboga.

Kuchakuro wamekata miche miwili. Vinyweleo vya bamia vimeniwasha hadi viwikoni. Mama mkwe ameonja mavuno ya kwanza, akasema zile za dukani, za kugandishwa, zina mlenda zaidi.