Namna ya Kumpa Samaki Jina la Kilatini Ukiwa Raskazone, Tanga

Tafuta kwanza pa kukaa penye upepo, na kahawa na kashata visiwe mbali. Kilatini hakina wenyewe siku hizi, kwa hiyo hakuna atakayekukosoa.

Jifunze kwa silikanti. Mwaka 1938 meli ya uvuvi ilimnasa karibu na pale mto Chalumna unapoingia baharini, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, wa makumbusho ya East London, akaona huyu si wa mchuzi. Mwaka uliofuata mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamwita Latimeria chalumnae. Angalia ufundi: jina la jenasi limemchukua bibi huyo, likatiwa -ia, likawa nomino ya kike. La pili ni mto uliovalishwa -ae, yaani “wa Chalumna”. Hiyo -ae ni kibarua hodari kuliko -a unganifu yetu. Andika Tangae: umepata “ya Tanga”, “kwa Tanga”, “Tanga nyingi” na “huko Tanga”, yote kwa ujira mmoja.

Raskazone, kwa bahati mbaya, inaishia na -e, haimo katika kundi la majina yanayoishia na -a. Bandika -ensis, kama alivyofanyiwa silikanti wa Indonesia mwaka 1999: Latimeria menadoensis. Raskazonensis! Jenasi ikiwa si ya kiume wala ya kike, iwe raskazonense. Ngeli hazikuanzia kwetu.

Ukihitaji usafiri, mbatizie mkubwa. Samaki wa pili alipopatikana Komoro mwaka 1952, waziri mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, alimpa Smith ndege ya jeshi akamchukue. Smith akalipa kwa Malania anjouanae. Kumbe samaki ni yuleyule, ila alikosa pezi moja la mgongoni. Malania likafutwa na nauli haikurudishwa. Wakomoro, waliokuwa wakimwita gombessa siku zote, hawakuhitaji marekebisho.

Kujibatizia mwenyewe hakukatazwi na kanuni, ni utovu wa haya tu. Mwombe rafiki akufanyie, nawe umlipe kwa konokono.

Kisha weka samaki makumbusho, chapisha maelezo, ungoje sifa. Wavuvi wa Kigombe, ambao majarife yao yamewanasa silikanti kadhaa kabla hata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti haijatangazwa mwaka 2009, wakikuuliza majina yao yameandikwa wapi, wajibu kwa upole: Kilatini kina nafasi mbili tu, na zote zimeshajaa.